Vitabu vya Hesabu vya Nakuru na Usomaji Mpya wa Historia ya Bonde la Ufa

Historia ya uchumi wa Nakuru na ya eneo la kati la Bonde la Ufa imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na barua za maafisa wa kikoloni na masimulizi ya walowezi mashuhuri, ilhali shughuli zenyewe za kununua, kukopesha, kusafirisha na kulipa ujira ziliandikwa kwingine, katika vitabu vya hesabu vya vyama vya wakulima, mashamba, maduka na reli. Insia za kidijitali, yaani matumizi ya kompyuta katika kuhifadhi, kupanga na kuchambua ushahidi wa historia, lugha na sanaa, zimeleta njia ya kuvisoma vitabu hivyo kwa wingi. Hata hivyo, faida yake kubwa haimo katika kupiga picha za kurasa zilizochakaa, bali katika kuunganisha kumbukumbu zilizotawanyika, kwa kuwa kitabu kimoja humtetea mwenye nacho, lakini vikisomwa pamoja hutoa ushahidi hata kwa niaba ya wale ambao hawakuwahi kumiliki kitabu chochote.

Kumbukumbu hizo zilianza kukusanyika pale reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilipopita Nakuru, kabla ya kufika Kisumu mwaka 1901, na pale mkataba wa 1904 ulipowahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa ili walowezi wapewe ardhi. Mwaka 1923 kikaanzishwa chama cha wakulima kilichokuja kujulikana kama Kenya Farmers Association, ambacho makao yake makuu yalikuwa Nakuru na ambacho kiliwauzia walowezi mahindi na ngano yao na kuwapatia pembejeo. Miaka miwili baadaye Kenya Co-operative Creameries ikaundwa Naivasha kwa ajili ya maziwa. Reli ya Uasin Gishu, iliyochepuka Nakuru na kufika Eldoret mwaka 1924, iliufanya mji wa Nakuru kuwa njia panda ya mazao, na kila gunia lililopita hapo liliacha alama katika zaidi ya daftari moja: la shamba, la chama na la stesheni.

Madaftari hayo, hata hivyo, yalitungwa ili kujibu maswali ya mwajiri na mdai, si ya mwanahistoria. Sheria ya Wenyeji Wakazi ya 1918 ilimtaka skwota, yaani Mwafrika aliyeruhusiwa kuishi, kulima na kufuga katika shamba la mlowezi, afanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kwa hiyo kitabu cha shamba kilizihesabu siku zake na ujira wake lakini hakikuhesabu mahindi aliyojilimia wala mbuzi aliowauza. Kipande, cheti cha utambulisho kilichowekwa na sheria ya 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliandikwa majina ya waajiri, ujira na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, alionyesha kwamba uchumi wa maskwota ulikuwa na nguvu zake wenyewe, na kwamba kubanwa kwake ndiko kulikochochea uasi. Ni uchumi ambao mtu hauoni mpaka ayaweke madaftari ya shamba kando ya taarifa za wilaya na simulizi za wazee.

Kuyaweka kando kwa kando ndiyo kazi inayofanywa na hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa uliopangwa kwa safu ili kila jina, mahali, bidhaa na tarehe viweze kutafutwa na kulinganishwa. Programu za kutambua mwandiko hubadilisha picha ya ukurasa kuwa maandishi, lakini hukwama pale karani mmoja alipoliandika jina la mtu yuleyule kwa tahajia tatu, au pale hesabu za duka la Mhindi zilipoandikwa kwa Kigujarati. Fedha nazo huhitaji uangalifu, kwa sababu rupia iliyotumika hadi 1920 ilifuatwa kwa muda mfupi na florini, kisha shilingi, na kwa kuwa rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili, mchambuzi asiyejua mabadiliko hayo ataona ujira umeongezeka maradufu pale ambapo mfanyakazi hakuongezewa kitu. Mahali pamoja pia huweza kuwa na majina mawili: mizigo ya Thomson's Falls na ya Nyahururu ni ya mji mmoja.

Msingi wa kazi hiyo umekwisha kuwekwa. Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899, lina matangazo ya leseni, ya kufilisika, ya kuvunjwa kwa ubia na ya mirathi ya wafanyabiashara, na matoleo yake mengi sasa yanaweza kutafutwa kwa kompyuta. Chao Tayiana Maina, kupitia mradi wake wa Save the Railway, amekusanya kumbukumbu za stesheni za reli ya zamani ya Kenya, ambazo zikiwekwa katika ramani humwezesha msomaji kuona jinsi biashara ilivyofuata njia.

Suala gumu zaidi linahusu miaka ya baada ya uhuru, wakati kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro zilipokusanya hisa za watu wengi ili kununua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Orodha za wanahisa ni hazina kwa mtafiti, lakini pia ni ushahidi katika migogoro ya mashamba ambayo warithi bado wanaishi nayo, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai uangalifu juu ya taarifa za walio hai. Kwa sababu hiyo, anayeamua safu za hifadhidata, majina yapi yafunguliwe na yapi yafichwe, anafanya kazi ileile aliyoifanya karani wa shamba alipochagua cha kuhesabu. Tofauti ni kwamba leo familia za waliohesabiwa zinaweza kushirikishwa katika uamuzi huo kabla daftari halijafunguliwa kwa umma.