Kiungo cha Ruvu na Mnyusi

Kabla ya kuwapo reli katika pwani ya Mrima, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya bara. Misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilitua mizigo yake hapo, na majahazi yakaipokea kuivusha Unguja. Mpagazi hakuwa na tiketi, walakini mzigo wake haukukosa mpokezi: bara na bahari zilikutana katika mji mmoja.

Utawala wa Wajerumani uliubadili mpango huo. Mwaka 1891 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani ni haba, yakapelekwa Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Reli nazo zilifuata bandari. Njia ya kwanza ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Ya pili ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Moja ilitumikia mashamba ya Usambara, ya pili biashara ya bara. Kila moja iliielekea bandari yake, wala hakuna iliyoijali nyingine. Baina yao ilibaki nchi ya mito ya Ruvu na Wami, nyuma ya Bagamoyo, pasipo reli.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliunga Voi na Kahe kwa haja ya majeshi yao. Hivyo njia ya Tanga iliunganika na Kenya kabla ya kuunganika na Dar es Salaam. Mwaka 1928 tawi la Tabora lilifika Mwanza, na mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja. Mamlaka ya nauli yakawa moja, lakini pengo lilikuwapo vile vile. Msafiri wa Dar es Salaam aliyetaka kufika Tanga kwa garimoshi na meli ya ziwa peke yake ilimpasa kwenda Mwanza, avuke ziwa hadi Kisumu, apite Nairobi, Voi na Kahe, ndipo ateremke pwani tena. Miji hiyo haipitani maili 130 kwa mwendo wa ndege. Hapana shaka watu walishika barabara au vyombo vya pwani.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1963. Reli ya maili 117, yaani kilometa 188, ilitoka Ruvu, ikavuka mto Wami, ikaungana na njia ya Tanga huko Mnyusi. Bagamoyo yenyewe haikupata stesheni, kwa kuwa njia ilipita magharibi yake. Hata hivyo garimoshi la Dar es Salaam sasa liliweza kufika Moshi, na kupitia Voi likaweza kufika Nairobi.

Umoja wa chuma ulidumu kuliko umoja wa watu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, kila nchi ikashika reli yake, na safari za kupita mpakani zikakatika ilhali mataruma ya Kahe na Voi yalikuwa yamelala mahali pake. Baadaye hata abiria wa Moshi walikosa garimoshi kwa miaka mingi, mpaka liliporudi Desemba 2019.

Vipimo navyo huleta utengano. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina 1,067. Na ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Huko Kidatu, tangu mwaka 1998, mizigo huhamishwa kutoka reli hadi reli; abiria hujihamisha mwenyewe, na furushi lake kichwani.

Basi kuunga njia ni kazi tatu: kulaza chuma, kulinganisha vipimo, na kupatana juu ya nauli. Mwaka 1963 zote tatu zilitimia katika pori la nyuma ya Bagamoyo. Ya tatu ndiyo iliyogharimu fedha kidogo kuliko zote, nayo ndiyo iliyovunjika kwanza.