Masisi na Walikale: Kwa nini mizigo yetu haikubebwa na ngamia

Anayetoka Nyabiondo kushuka kuelekea Walikale huona mambo mawili yakibadilika njiani: baridi inaisha, na ng'ombe wanaisha pia. Juu Masisi malisho yako kila upande wa kilima. Chini msitu unafunga, wanabaki mbuzi, nguruwe na kuku, na anayebeba mzigo ni mtu mwenyewe. Wakaaji wengi wakiulizwa sababu watataja matope na barabara mbovu. Ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ya zamani kuliko barabara zote, nayo ni inzi.

Inzi huyo ni mbung'o, ambaye kwa Kifaransa tunamwita tsetse. Hunywa damu, na katika kunywa hupitisha mdudu asiyeonekana kwa macho, anayemkondesha mnyama mpaka anaanguka. Mganga wa kijeshi David Bruce ndiye aliyeonyesha mwaka 1895, huko Zululand, Afrika ya Kusini, kwamba ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe na farasi hupitia kwa inzi huyu. Watu wa misafara walikuwa wamejua jambo hilo zamani bila darubini. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji hadi Nyangwe, kwa jirani zetu wa Maniema, ilikuwa na punda wachache tu. Pembe za ndovu zilisafiri juu ya mabega ya watu.

Wazungu walipofika walidhani wanaweza kufanya vingine. David Livingstone, katika safari yake ya mwisho, alileta ngamia 6 kutoka Bombay, pamoja na nyati wa kufugwa wa India, nyumbu na punda, akawateremsha pwani ya kusini ya Tanzania ya leo mwaka 1866. Hakuwaleta kwa mizigo peke yake. Alitaka kuona kama ngamia na nyati wanaweza kuvumilia mbung'o, kwa sababu kama wangevumilia, biashara ya bara ingekuwa na mnyama wa kubeba. Walipofuata bonde la Ruvuma inzi waliwauma, na ngamia wakafa mmoja mmoja katika miezi michache. Lakini tusimbebeshe inzi lawama yote. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba askari wa Kihindi waliopewa wanyama hao waliwapiga, wakawatwika kupita kiasi, wakawaacha na vidonda. Kwa hiyo jaribio lenyewe liliharibika: ni nani angesema kama ngamia ameuawa na mbung'o au na fimbo? Miaka mitatu baadaye Livingstone aliingia Maniema kwa miguu yake, na vitu vyake vikiwa juu ya wachukuzi.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji naye alijaribu. Mwaka 1879 tembo 4 wa India waliteremshwa karibu na Dar es Salaam, chini ya Kapteni Carter, ili wafungue njia ya kwenda Ziwa Tanganyika. Hao waliumwa na mbung'o wakaendelea kutembea, na watu wakafurahi. Furaha haikudumu: tembo nao walikufa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1880 Carter akauawa.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona Wasomali, Warendille na Wagabra wanafuga ngamia mpaka leo? Jibu ni kwamba hawashindani na inzi, wanamkimbia. Mvua zikinyesha na inzi wakiongezeka, wafugaji walio karibu na mito ya Juba na Shebelle huondoa ngamia kwenye vichaka vya mtoni, wakawapeleka nchi kavu na wazi. Jioni huwasha moto wa moshi kando ya zizi. Na hata huko kavu ngamia hayuko salama kabisa, kwa sababu ana ugonjwa wake, sura, ambao haumhitaji mbung'o. Pange, yule inzi mkubwa mwenye kuuma kwa uchungu, huutoa kwa ngamia mmoja na kuupeleka kwa mwingine akiwa bado na damu mdomoni. Mdudu wa ugonjwa huo alionekana India mwaka 1880, katika damu ya farasi na ngamia, na aliyemwona ni Griffith Evans.

Sasa chukua mnyama huyo wa nchi kavu, umlete penye mvua nyingi, kivuli cha msitu, na mito kila saa ya mwendo. Pa kumkimbizia hapapo.

Kwa hiyo hesabu ilimwangukia mtu. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoonyesha ukubwa wake. Majeshi ya Wabelgiji yaliyopita Kivu na kuchukua Tabora tarehe 19 Septemba 1916 yalibebewa chakula na risasi na raia. Wachukuzi walioshikwa kwa kazi hiyo wakati wa vita walizidi 200,000. Wengi hawakurudi. Nadhani watoto wetu shuleni wangefundishwa jambo hili kwanza, kabla ya majina ya majenerali.

Masisi ilipata njia nyingine kwa ajili ya urefu wake tu. Mbung'o anataka joto. Kwenye vilima vya mita 2,000 baridi humshinda. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya ng'ombe washamiri huko. Tangu 1937 serikali ya kikoloni ilihamisha familia kutoka Rwanda na kuziweka Gishari, walowezi wakafungua mashamba ya mifugo, miti ikakatwa, na fromaji ya Masisi ikajulikana mpaka Kinshasa. Ugomvi wa ardhi uliotokana na mambo hayo tunaujua wote, na si wa kumalizwa hapa.

Hata hivyo baridi haizuii wote. Kupe wako, na ugonjwa wao, ambao wafugaji wa Kinyarwanda huuita ikibagarira, unamaliza ndama. Inzi wa kawaida na pange wako. Wazee walijibu kwa igicaniro, moto unaowaka zizini na kutoa moshi, sawa kabisa na Msomali na ngamia wake. Hatari inakuja pale vita vinapomlazimisha mfugaji kuteremsha ng'ombe waliobaki kuelekea msitu wa joto. Ng'ombe wa mlimani hajawahi kukutana na mbung'o.

Kuna dawa zilizofaulu kwingine. Unguja ilimwondoa mbung'o kabisa: walimwaga kwa ndege inzi madume waliofanywa tasa, na wa mwisho alionekana mwaka 1996. Shimba Hills, Kenya, ng'ombe walivishwa mkanda wenye harufu ya kuro, mnyama ambaye mbung'o hapendi kumuuma. Kisiwa kina mwisho, msitu wa Kongo hauna. Njia ya Unguja sioni ikifanyika kwetu. Lakini mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, unaosimamishwa kando ya mto, hauombi ndege wala amani ya nchi nzima. Fundi cherehani wa Masisi-centre anaweza kuushona.

Na mizigo? Chukudu hushusha viazi na makaa mpaka Goma, na tangu 2009 ina sanamu yake mjini. Msituni chukudu haipiti. Kasiteriti ya Bisie, Walikale, kwa miaka mingi ilitoka migongoni, magunia ya kilo 50 mpaka Njingala, kisha Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe. Leo gari linafika Bisie. Kwenye machimbo ambako halifiki, mchukuzi na mwenye gunia wanapatana bei asubuhi, kwa kilo, kabla ya kuingia msituni.