Kutoka Nguzo hadi Tishu Hai: Historia ya Maarifa ya Mfupa katika Anatomia ya Binadamu

1.0 Utangulizi

Katika masomo ya awali ya anatomia, mwanafunzi hufundishwa kwamba mwili wa binadamu umejengwa kwa tishu za aina nne: tishu funiko, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva. Hufundishwa pia kwamba mfupa ni mojawapo ya tishu unganishi, pamoja na gegedu, mafuta na damu, na kwamba kwa kawaida mtu mzima ana mifupa 206. Maelezo hayo hutolewa kama orodha ya kukaririwa. Hata hivyo, kuuita mfupa tishu ni kutoa dai zito: kwamba kitu kigumu mithili ya jiwe, kinachobaki kaburini baada ya nyama kuoza, kilikuwa kinaishi, kikilishwa na damu na kujijenga upya siku zote.

Insha hii inachunguza jinsi dai hilo lilivyofikiwa. Hoja yake kuu ni kwamba maarifa ya mfupa hayakukua kwa kuongezeka kwa majina pekee, bali kwa kubadilika kwa kile kilichokubaliwa kuwa ushahidi. Kwanza kitabu kilipimwa kwa mifupa yenyewe. Kisha mfupa mkavu ukapimwa kwa mnyama aliye hai. Hatimaye kiungo kikachambuliwa hadi kwenye tishu na seli. Kila hatua ilifichua kosa ambalo hatua iliyotangulia haikuwa na njia ya kuliona.

2.0 Taya la Chini: Kitabu Mbele ya Mfupa

Galen wa Pergamon, tabibu wa karne ya 2 katika Dola ya Kirumi, aliandika kitabu kuhusu mifupa mahususi kwa wanafunzi wanaoanza. Katika maandishi yake aliifananisha mifupa na nguzo za hema na kuta za nyumba: umbo la mwili hufuata umbo la mifupa, hivyo anayetaka kuujua mwili hana budi kuanzia hapo. Aliwashauri wanafunzi waende Iskandaria, ambako wangeweza kuona kiunzi cha mifupa ya binadamu kwa macho yao. Ushauri huo unadhihirisha ugumu wa zama zake. Kupasua maiti za watu hakukuwa desturi, na yeye mwenyewe alitegemea zaidi nyani, nguruwe na wanyama wengine. Anasimulia kwamba alipata kuona mifupa ya mtu kwa bahati tu, kama vile ya maiti iliyotolewa kaburini na mafuriko ya mto.

Kutokana na hali hiyo, makosa kadhaa yaliingia katika mafundisho yake. Mawili yanatosha kwa mfano. Alifundisha kwamba taya la chini limeundwa kwa mifupa miwili, na kwamba mfupa wa kidari una sehemu saba. Makosa haya hayakuwa ya kubuni. Katika baadhi ya wanyama, akiwemo mbwa, nusu mbili za taya la chini hubaki zimetenganishwa na kiungio hata mnyama akomaapo. Kwa binadamu nusu hizo huungana katika mwaka wa kwanza wa maisha.

Mtu wa kwanza anayejulikana kulisahihisha kosa la taya kwa ushahidi wa wazi ni Abd al-Latif al-Baghdadi (1162–1231), mwanachuoni aliyekuwa Misri wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1200 hadi 1202, iliyosababishwa na Mto Nile kushindwa kufurika. Wanafunzi wake wa tiba walitatizwa na maelezo ya vitabuni. Aliposikia kwamba huko al-Maqs, karibu na Kairo, kulikuwa na lundo kubwa la mifupa ya watu waliokufa, alikwenda nao kuitazama. Aliona kwamba taya la chini ni mfupa mmoja usio na kiungio. Hakutosheka na kuona mara moja. Aliyachunguza mataya mengi na kuwataka wengine wayachunguze bila yeye kuwapo. Kwa maelezo yake, mafuvu waliyoyakagua yalizidi elfu mbili. Ndipo alipohitimisha kwamba, pamoja na heshima anayostahiki Galen, ushahidi wa macho una uzito kuliko neno lake.

Wahenga husema mwenye macho haambiwi tazama. Kisa cha taya kinaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja, wasomi wenye macho walihitaji kuambiwa, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimekwisha kuwaambia watakachokiona. Hata sahihisho la al-Baghdadi halikuufikia mkondo mkuu wa elimu ya anatomia ya Ulaya kwa karne kadhaa.

Huko Ulaya kazi hiyo ilifanywa upya na Andreas Vesalius (1514–1564), mzaliwa wa Brussels aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Padua. Kitabu chake kikuu, *De humani corporis fabrica*, kilichapishwa Basel mwaka 1543, na sehemu yake ya kwanza inahusu mifupa na magegedu. Vesalius alionyesha kwamba taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja na kwamba mfupa wa kidari una sehemu tatu. Jacobus Sylvius, aliyekuwa mwalimu wake Paris, alimpinga vikali, akidai kwamba palipoonekana tofauti, ni miili ya watu iliyokuwa imebadilika tangu enzi za Galen. Jibu hilo linafunza jambo: mamlaka ya kitabu yalipotishiwa, ilionekana afadhali kuulaumu mwili.

3.0 Kutoka Umbo hadi Uhai

Vesalius alisahihisha umbo la mfupa, lakini kiunzi kilichokaushwa hakingeweza kumfunza mtu kuhusu maisha ya mfupa. Hadubini ilifungua njia mpya. Mwaka 1691 tabibu wa London, Clopton Havers, alichapisha *Osteologia nova*, kitabu kilichoeleza kwamba mfupa mgumu una matabaka membamba na vijitundu vinavyopita ndani yake. Mifereji hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Hata hivyo, Havers alidhani kwamba inasambaza mafuta ya uboho. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba inapitisha mishipa ya damu. Aliona sawasawa, akaeleza kimakosa, kwa sababu alichokitazama kilikuwa kimekwisha kufa.

Ushahidi uliokosekana ulitokea mezani. John Belchier, daktari mpasuaji wa London, alialikwa chakula na mchapaji wa vitambaa, akaona kwamba mifupa ya nguruwe aliyeandaliwa ilikuwa myekundu. Nguruwe huyo alikuwa amelishwa pumba zilizochanganyika na masalia ya mizizi ya rangi nyekundu iliyotumika kutia rangi nguo. Belchier alitoa taarifa ya jambo hilo mwaka 1736. Maana yake ilikuwa kubwa: kilicholiwa kiliufikia mfupa. Mfupa ulikuwa unalishwa.

Nchini Ufaransa, Henri-Louis Duhamel du Monceau alilifanya tukio hilo kuwa jaribio. Kati ya mwaka 1739 na 1743 aliwapa wanyama chakula chenye rangi, akakikatiza, kisha akakirudisha. Akakuta ndani ya mifupa yao matabaka mekundu na meupe yakifuatana. Alihitimisha kwamba utando unaoufunika mfupa ndio unaoongeza matabaka mapya, kama gamba la mti linavyohusika na kunenepa kwa shina.

John Hunter (1728–1793), daktari mpasuaji aliyefanya kazi London, aliongeza maswali mawili. La kwanza lilihusu urefu. Alipachika vipande viwili vya risasi katika mfupa wa mguu wa nguruwe mchanga. Mnyama alipokua, mfupa ulirefuka lakini umbali kati ya vipande hivyo haukuongezeka. Kwa hiyo, mfupa hurefuka kutoka kwenye ncha zake wala haunyooki kama mpira. La pili lilihusu umbo. Iwapo mfupa huongezewa tu kwa nje, kwa nini uwazi wa ndani wenye uboho nao hupanuka? Hunter alijibu kwamba wakati mfupa mpya unapowekwa upande mmoja, wa zamani huondolewa upande mwingine. Tangu hapo, mfupa haukuweza tena kuelezwa kama nguzo iliyosimamishwa mara moja. Ulikuwa jengo linalobomolewa na kujengwa huku likiendelea kukaliwa.

4.0 Mfupa Waitwa Tishu

Neno tishu lilipata nafasi yake katika anatomia kupitia Xavier Bichat (1771–1802) wa Paris. Katika *Anatomie générale* ya mwaka 1801 aliugawa mwili katika tishu 21, mfupa ukiwa mojawapo. Hakutumia hadubini. Alizitambua tishu kwa kuzikausha, kuzichemsha, kuziozesha na kuzitia asidi. Mchango wake ulikuwa kuhamisha swali: badala ya kuuliza kiungo kiko wapi, aliuliza kimefumwa kwa nini. Kwa mtazamo huo, ugonjwa haukai katika kiungo kizima, bali katika tishu fulani iliyomo ndani yake.

Nadharia ya seli, iliyoenezwa kwa wanyama na Theodor Schwann mwaka 1839, iliipa hoja ya Hunter watendaji wake. Carl Gegenbaur aliziita seli zinazojenga mfupa osteoblasti mwaka 1864, na mwaka 1873 Albert von Kölliker alizieleza seli kubwa zinazoubomoa, ambazo leo huitwa osteoklasti. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin alichapisha kitabu kilichodai kwamba muundo wa ndani wa mfupa hubadilika kulingana na mzigo unaoubeba. Ukali wa kihisabati wa kanuni yake umepingwa baadaye, lakini kiini chake kimebaki: mfupa unaotumika huimarika, na ule usiotumika hudhoofika. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala kitandani kwa muda mrefu hupoteza uzito wa mifupa.

5.0 Mifupa Ilikuwa ya Nani?

Historia hii ingekuwa pungufu bila kuwataja waliotoa mifupa yenyewe pasipo kuulizwa. Mafuvu ya al-Maqs yalikuwa ya wahanga wa njaa. Vesalius, alipokuwa kijana mjini Louvain, alichukua mifupa ya mtu aliyenyongwa nje ya mji. Na kiunzi alichokiunganisha Basel mwaka 1543, ambacho kingali kinahifadhiwa mjini humo, ni cha mhalifu aliyeuawa kwa hukumu. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1752 iliruhusu miili ya wauaji waliohukumiwa kifo ikabidhiwe kwa wapasuaji, na sheria ya mwaka 1832 ikawafungulia mlango wa kupata miili ya maskini waliokufa bila wa kuwadai. Orodha ya mifupa 206 inayokaririwa darasani imeandikwa kutokana na miili ya watu wasiokuwa na sauti katika jamii zao. Kulitambua hilo hakuipunguzii orodha hiyo ukweli wake, ila kunampa msomaji wajibu wa heshima mbele ya kila fuvu analokabidhiwa.

6.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba kila badiliko kubwa katika maarifa ya mfupa lilifuata badiliko la ushahidi: mataya mengi dhidi ya kauli moja, mnyama hai dhidi ya kiunzi kikavu, tishu na seli dhidi ya umbo la nje. Matokeo yake yanagusa ufundishaji. Mwanafunzi anayeanza na kiunzi kilichotundikwa darasani anaanza mahali alipoanzia msomaji wa Galen, naye anaweza kuishia hapo, akijua majina yote na asijue kwamba mfupa huvuja damu, huuma na hujiunga upyani unapovunjika. Mfano wa Galen wa nguzo na kuta ulikuwa sahihi kuhusu kazi ya kuubeba mwili. Kilichokosekana ni kwamba nguzo hizi hujijenga zenyewe, na kwamba aliyeligundua hilo hakulisoma kitabuni. Aliliona katika mfupa mwekundu wa nguruwe uliokuwa sahanini.