Muziki wa fanki Tanzania: nani alipiga, nani alirekodi

Baadhi yenu mnatuuliza ule muziki wa besi nzito tunaoupiga usiku ni wa wapi. Ni fanki, na wapigaji ni wa hapa hapa Tanzania.

Fanki ni nini?

Fanki ilizaliwa Marekani miaka ya 1960, na James Brown ndiye aliyeitangaza zaidi. Besi na dramu ndizo zinazoongoza, gitaa hukatakata sauti fupifupi, na pigo la kwanza hutiwa nguvu. Aliyezoea msewe hapa Pemba hatapata tabu kuufuata: mguu hutangulia, maneno hufuata.

Bendi ya Sunburst

Vijana wa Dar es Salaam waliipenda mno soul, ndugu wa fanki, hata Novemba 1969 uongozi wa mkoa ukapiga marufuku madansi yake. Mwaka uliofuata ikaundwa Sunburst. Mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, mwimbaji James Mpungo na wenzao walichanganya fanki, soul, roki na midundo ya nyumbani, wakaiita staili yao Kitoto.

Nani alirekodi?

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Studio iliyotegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na mafundi mitambo wake ndio waliofanya kazi ambayo leo tunaiita ya prodyuza. Bendi ilirekodi, wimbo ukapigwa hewani, kanda ikabaki redioni. Aliyetaka santuri aliitafuta nje, hasa Nairobi. Sunburst walikwenda hadi Zambia, ambako albamu yao Ave Africa ilitoka mwaka 1976. Miaka 40 baadaye, 2016, kampuni ya Strut ilizitoa upya rekodi zao za 1973 hadi 1976. Zilisikika tena kwa sababu kuna waliozitunza.

Inatuhusu nini?

Leo prodyuza ana kompyuta na maikrofoni chumbani kwake, hata vijijini. Suala ni lile lile: mkishamaliza kurekodi, wimbo ni wa nani?

Kabla ya kuingia studio, andikianeni mambo matatu: nani anamiliki rekodi, nani ametunga, na mapato yatagawanywa vipi. Kisha isajilini kazi COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Na msitoke studio bila nakala yenu. Iwekeni sehemu mbili, maana simu hupotea, na wimbo hupotea nayo.