Kamba na Mkono: Jumuiya ya Wapigaji Kengele wa Uingereza

Kengele ya kanisa husikiwa na mji mzima, bali mpigaji wake haonekani. Yumo ndani ya mnara, juu ya ngazi nyembamba ya mawe, na mara nyingi hata waumini walioketi chini hawalijui jina lake. Pengine ndiyo sababu historia ya kengele huandikwa kama historia ya vyombo: uzito wake, mafundi waliozisubu, na maandishi yaliyochorwa juu yake. Makala haya yataka kutazama upande wa pili, yaani watu wanaoshika kamba. Wapigaji wa Uingereza wanafaa kutazamwa kwanza, kwa kuwa namna yao ya kupiga haiwezekani kabisa pasipo jumuiya.

Yapasa kuieleza kazi yenyewe. Katika mnara wa namna hiyo kila kengele hufungwa pamoja na gurudumu zima, na kamba hupita katika ukingo wa gurudumu. Kabla ya kuanza, kengele huinuliwa hata mdomo wake uelekee juu; kila ivutwapo huzunguka duara zima, hulia mara moja, kisha husimama tena mdomo juu. Kengele kubwa yaweza kupita uzito wa tani moja. Basi hapana mtu awezaye kuiharakisha apendavyo. Aweza tu kuichelewesha kidogo au kuitanguliza kidogo. Kwa hiyo kengele hizi hazipigwi kwa kufuata wimbo, bali hubadilishana nafasi: iliyolia ya pili hulia ya tatu, na ya tatu hushika nafasi ya pili, wala mpangilio uliokwisha pigwa haurudiwi. Kengele 7 zaweza kupangwa kwa namna 5,040, na kengele 8 kwa namna 40,320. Wapigaji hawana karatasi mbele yao. Kila mmoja huihifadhi njia yake kichwani, huku akizitazama kamba za wenzake na kuzisikiliza kengele zao. Akipotea mmoja, wote hupotea naye.

Sanaa hii ilikua katika karne ya 17. Chama cha London kiitwacho Ancient Society of College Youths huhesabu umri wake tangu mwaka 1637. Mwaka 1668 kilitoka kitabu cha kwanza cha kuifundisha, Tintinnalogia, kilichoandikwa na Richard Duckworth na kutolewa na Fabian Stedman, naye Stedman alikuwa mpiga chapa. Tarehe 2 Mei 1715, katika kanisa la St Peter Mancroft mjini Norwich, wapigaji waliikamilisha mipangilio 5,040 ya kengele 7 bila ya kupumzika, kazi ya zaidi ya saa tatu. Ushindi wa namna hiyo uliandikwa kwa rangi juu ya mbao na kutundikwa mnarani, pamoja na majina ya wapigaji wote na kengele aliyoishika kila mmoja. Mtu wa kazi za mikono, ambaye jina lake lisingeandikwa popote ila katika daftari la ubatizo na la maziko, alipata hapo mahali pa kukumbukwa.

Walakini jumuiya hii haikuwa ya watakatifu. Ilijitawala yenyewe. Ukutani palikuwa na sheria zilizotungwa kwa vina: aingiaye na kofia kichwani, au na njumu za kupandia farasi, au atukanaye, hutozwa faini, na aghalabu faini hiyo ilinunua pombe. Minara mingine ilikuwa na magudulia makubwa ya udongo kwa kazi hiyo hiyo. Makasisi walilalamika kwamba watu hawa huwaita wengine kusali, kisha wao wenyewe hushuka ngazi na kwenda zao kilabuni.

Ugomvi huo ulizaa chombo cha ajabu. Mwaka 1821 Henry Thomas Ellacombe, kasisi wa Bitton katika Gloucestershire, alibuni mtambo wa nyundo na kamba uliomwezesha mtu mmoja kuzigonga kengele zote za mnara. Kwa mtambo huo kasisi hakuwahitaji tena wapigaji wakaidi, na minara mingi iliutia. Lakini kengele iliyosimama ikigongwa kwa nyundo haitoi sauti ya kengele izungukayo, wala mtu mmoja hawezi kuzibadilisha nafasi kama wafanyavyo wanane. Ukaidi uliondolewa, na sanaa ikaondoka nao. Hapana shaka kasisi alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini dawa yake ilimponya mgonjwa kwa kumtoa nyumbani.

Njia iliyofaa zaidi ilikuwa kuirekebisha jumuiya badala ya kuifuta. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vilianzishwa vyama vya majimbo vilivyowakutanisha wapigaji na makasisi, na mwaka 1891 Sir Arthur Heywood alianzisha Baraza Kuu la kuviunganisha. Mlango wenyewe ulipanuka. Mwaka 1896 Alice White, huko Basingstoke, akawa mwanamke wa kwanza kukamilisha mfululizo mzima mnarani, na mwaka 1912 wanawake wakaunda chama chao.

Kisha vikaja vita. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 walikufa wapigaji wapatao 1,400. Mwezi wa Juni 1940 serikali ilizinyamazisha kengele zote za makanisa, ili zisilie ila kutangaza kwamba adui ameshuka nchini. Kengele ya ibada ikawa kengele ya hatari. Jambo hili si geni katika pwani yetu: Kengeleni, huko Nyali, Mombasa, pamepewa jina kwa kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, ambayo ililizwa kuwaonya watu juu ya wavamizi. Huko Uingereza kengele zilipigwa tarehe 15 Novemba 1942 kwa ushindi wa El Alamein katika Misri, na mwaka 1943 katazo likaondolewa. Katika muda wa ukimya huo wapigaji waliendelea kukutana, wakijizoeza kwa kengele ndogo za mkononi. Laiti wangalitawanyika, serikali ingalirudisha ruhusa isiyo na wa kuitumia.

Ukweli huo ulionekana tena mwaka 2018. Karne moja ilipotimia tangu vita vya kwanza kwisha, ulifanywa mwito wa kutafuta wapigaji wapya 1,400 kushika nafasi za waliokufa, na waliojitokeza walizidi idadi hiyo. Hakuna aliyeweza kujifunza peke yake, maana mwanafunzi husimama na mwalimu ubavuni, mikono minne katika kamba moja, hata mwalimu aone kwamba aweza kuiachia yake. Shaba yaweza kukaa mnarani miaka 500. Ujuzi wa kuiliza hudumu umri wa mtu mmoja tu, asipopatikana wa kuupokea.