Mpimaji Amtangulia Mjenzi: Habari ya Notre-Dame ya Paris na ya Chombo cha Leza

Siku ya jubilei watu husifu wajenzi. Hutajwa askofu aliyebariki jiwe la kwanza, padri aliyetafuta franka, waashi waliopandisha kuta na maseremala waliofunika paa. Ni haki kabisa. Lakini katika orodha hiyo mtu mmoja hukosekana mara nyingi: ni yule aliyepima. Yeye hufika kiwanjani kabla ya wote, akiwa na kamba, vigingi na daftari; kisha huondoka, na watu humsahau. Kwa Kiswahili ni mpimaji wa ardhi. Wengi wetu humwita kwa Kifaransa géomètre. Kurasa hizi zinataka kuonyesha, kwa mfano wa kanisa linalojulikana duniani kote, kwamba kazi yake haiishi siku ile ya vigingi. Pengine, baada ya miaka mingi, ndiyo inayowezesha nyumba iliyoanguka kusimama tena.

I. Kamba, timazi na picha

Kanisa kuu la Bikira Maria la Paris, linaloitwa Notre-Dame, lilianza kujengwa mwaka 1163, wakati wa Askofu Maurice de Sully. Dari lake la mawe liko juu kwa metre 33 hivi, na minara yake miwili ya mbele hufika metre 69. Siku zile mpimaji na mjenzi walikuwa mtu mmoja, yaani fundi mkuu, naye alikuwa na kamba, bikari, pembe-mraba na timazi. Plani za mafundi hao wa kwanza hazikutufikia. Kwa hiyo kila aliyetaka kutengeneza kanisa hilo baadaye alilazimika kwanza kulipima upya.

Ndivyo walivyofanya maarkitekte Jean-Baptiste Lassus na Eugène Viollet-le-Duc, waliochaguliwa mwaka 1844 kwa kazi ya kulirudishia kanisa uzuri wake. Lassus alifariki mwaka 1857, na mwenzake akaendelea peke yake hata 1864. Mwaka 1859 ulimalizika mnara mwembamba wa miti na risasi uliosimama katikati ya paa, ambao Wafaransa huuita flèche, maana yake mshale. Viollet-le-Duc alichora kila kipande, na michoro yake ikatunzwa. Tuikumbuke michoro hiyo, maana tutaikuta tena.

Kupima jengo refu kwa mkono kulikuwa kazi ya hatari. Mwaka 1858 arkitekte kijana wa Ujerumani, Albrecht Meydenbauer, alipokuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar, nusura aanguke kutoka juu. Akatoka hapo akiwaza: je, haiwezekani kupima ukuta kwa picha yake, mtu akiwa amesimama chini salama? Aliitafuta njia hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1885 ikaanzishwa kule Berlin ofisi ya serikali ya kupima majengo kwa picha, yeye akiwa mkuu wake. Tangu hapo wazo hili halikupotea: jengo lipimwe lingali zima, na vipimo vyake vitunzwe mbali nalo.

II. Chombo cha leza

Mwanga wa leza ulipatikana mara ya kwanza mwaka 1960, kwa kazi ya Theodore Maiman wa Marekani. Mwishoni mwa karne ya 20 ukaingia katika kazi za wapimaji. Chombo chenyewe kinasimama juu ya miguu mitatu kama teodoliti. Ndani yake kuna kioo kinachozunguka, ambacho hutupa mwali wa leza pande zote. Mwali ukigonga ukuta hurudi, nacho chombo huhesabu muda wa safari hiyo. Kwa kuwa mwanga hukimbia karibu kilometre 300.000 kwa sekunde, ukuta ulio umbali wa metre 10 hurudisha mwali kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Muda ukijulikana, umbali unajulikana. Na pembe za kioo huonyesha upande. Hivyo kila mgongo mmoja wa mwali huandikwa kama nukta yenye mahali pake kamili. Chombo hurudia kazi hiyo maelfu ya mara kila sekunde, na nukta zote zikikusanywa katika ordinateri hufanya kile wapimaji wanachokiita wingu la nukta.

Lakini chombo hakioni nyuma ya nguzo, wala hakipenyi ukuta. Inafaa kukihamisha mahali pengi, na kila mahali kutoa wingu lake. Hapo ndipo ujuzi wa mpimaji unapoonekana. Yeye huweka kwanza alama imara ndani na nje ya jengo, akizipima kwa uangalifu mkubwa, ili mawingu yote yaungane juu ya alama hizo. Alama zikikosewa, hata nukta bilioni moja zitafanya kanisa lililopinda. Zikiwa sawa, arkitekte anaweza kukata jengo zima katika ordinateri kama mtu anayekata mkate: akachora plani ya chini, akatazama unene wa kuta, akajua nguzo gani imeegemea na kwa kiasi gani. Asipopewa vipimo hivyo, anachora jengo analolidhania, wala si lile lililopo.

III. Waliopima kabla ya msiba

Mwaka 2010 mwalimu mmoja wa historia ya sanaa, Andrew Tallon wa chuo cha Vassar huko Marekani, alileta chombo cha namna hiyo katika Notre-Dame. Hakutazamia msiba. Alitaka kujua tu wajenzi wa kale walifikiri nini na walikosea wapi. Alikisimamisha chombo mahali zaidi ya 50, akapata nukta zaidi ya bilioni moja, zenye usahihi wa milimetre 5 hivi. Katika nukta hizo aliona kwamba nguzo za ndani hazikupangwa zote katika mstari mmoja, jambo ambalo jicho la mwamini aliye kwenye ibada halilitambui.

Wengine wakapanda juu zaidi. Kati ya dari la mawe na paa la risasi kulikuwa na miti ya mialoni, mingi yake ya karne ya 12 na ya 13, iliyosongamana hata watu wakaiita msitu. Karibu na mwaka 2014 maarkitekte wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, waliipima miti hiyo kwa mkono, fremu baada ya fremu, wakaona kwamba hazikufanana kabisa. Mwaka huohuo 2014 miti hiyo ilipimwa vilevile kwa leza. Njia hizo mbili zilisaidiana. Leza hujua mahali pa kila boriti. Mkono na jicho hujua namna mti ulivyochongwa, mahali ulipoungwa, na alama ambazo seremala wa kale aliacha.

Tallon alifariki tarehe 16 ya mwezi wa 11, 2018, akiwa na miaka 49. Miezi mitano baadaye kanisa likaungua.

IV. Moto na ujenzi mpya

Ilikuwa jioni ya tarehe 15 ya mwezi wa 4, 2019, siku ya kwanza ya kazi katika Juma Takatifu. Kabla ya saa mbili usiku flèche ilianguka, ikatoboa dari la mawe. Msitu wote wa mialoni ulikwisha, na risasi ya paa ikayeyuka. Wazima moto waliokoa minara ya mbele, na kuta zikabaki zimesimama.

Swali la kwanza lilikuwa: je, zitaendelea kusimama? Wapimaji wakarudi na vyombo vyao. Walipima tena kanisa lililojeruhiwa, na vipimo vipya vikalinganishwa na vile vya zamani, ili ijulikane kipi kimesogea. Bila vipimo vya kabla, ulinganisho huo usingewezekana: mtu angeona ukuta umeinama, wala asingejua kama umeinama juzi au tangu miaka mia nane.

Swali la pili lilikuwa: tujenge nini? Wengine walitaka paa la namna mpya, la kioo au la chuma. Mwezi wa 7 wa mwaka 2020 ikakatwa shauri kulirudisha kanisa kama lilivyokuwa. Shauri hilo lilikuwa na maana kwa sababu watu walijua jinsi lilivyokuwa. Maarkitekte wakuu, Philippe Villeneuve, Pascal Prunet na yuleyule Rémi Fromont, walikuwa na michoro ya Viollet-le-Duc kwa flèche, na vipimo vya mkono na vya leza kwa msitu. Mialoni 2.000 hivi ilikatwa katika misitu ya Ufaransa. Maseremala wakachonga boriti za paa kubwa kwa shoka, kama mababu zao, wakifuata plani zilizotoka katika vipimo hivyo. Shoka la kale na mwali wa leza vilifanya kazi pamoja, wala havikugombana.

Tarehe 7 ya mwezi wa 12, 2024, milango ilifunguliwa tena, na kesho yake altare mpya ikawekwa wakfu.

V. Mfano wa jirani zetu

Mtu asiseme haya ni mambo ya Ulaya tu. Kule Kasubi, katika mji wa Kampala, nchini Uganda, kuna makaburi ya wafalme wanne wa Buganda, mmoja wao Mwanga wa II, ambaye wakati wake waliuawa Karoli Lwanga na wenzake mashahidi. Wafalme hao walilala chini ya nyumba kubwa ya mviringo, iliyoezekwa kwa majani. Mwaka 2009 nyumba hiyo ilipimwa kwa leza. Tarehe 16 ya mwezi wa 3, 2010, moto uliiteketeza. Vipimo vikabaki kuwa ushahidi wa umbo lake kwa wale waliotaka kuijenga upya. Lakini kuezeka kwenyewe ni ujuzi wa watu wa ukoo wa Ngeye, na ujuzi wa mikono hauandikwi kwa nukta. Ujenzi ukachukua miaka mingi. Mwaka 2023 UNESCO ikayatoa makaburi ya Kasubi katika orodha ya mahali penye hatari.

VI. Yanayotuhusu

Chombo cha leza ni cha bei kali, na parokia nyingi hazitakiona upesi. Lakini maana ya habari hii si chombo. Maana yake ni kwamba Tallon, Fromont na Trentesaux walipima siku ya amani, wakati hakuna aliyekuwa na haraka. Siku ya moto hakuna anayepima.

Basi kila nyumba ya sala, hata ile ya matofali na matole, ingefaa iwe na plani yake: urefu na upana, kimo cha kuta, unene wake, namna miti ya paa ilivyofungwa, na picha za pande zote. Kazi hiyo yawezekana kwa metre ndefu, daftari na vijana watatu wenye bidii. Nakala zake zisikae katika nyumba moja, maana moto na mvua havichagui: moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe kwa askofu, ya tatu itunzwe mahali pengine. Ikiandikwa katika ordinateri, ichapwe vilevile juu ya karatasi, kwa kuwa mashine huzeeka upesi kuliko watu.

Na tunapoandika majina ya waliojenga, tuongeze mstari mmoja kwa yule aliyepima.