Chuma au plastiki? Bastola kutoka Nyeri ya Kimathi hadi leo

Leo naweka kando mambo ya programu na seva. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Nyeri, na chai ilipomiminwa tu, mjomba wangu, ambaye ana leseni ya bastola, akaanza kubishana na mwanawe, ambaye ndiyo kwanza anafikiria kuomba leseni yake. Mjomba anasema bastola ni chuma, hayo mengine ni vifaa vya kuchezea watoto. Binamu anasema chuma ni cha wazee, siku hizi watu wananunua plastiki. Mimi, ambaye silaha yangu pekee ni kibodi, nikaambiwa nitoe hukumu kwa sababu eti nimesomea kompyuta. Nikaomba nikasome kwanza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie hapahapa kwetu. Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi ya mguu na askari wa kienyeji aliyeitwa Ndirangu Mau, huko Tetu, ukingoni mwa msitu wa Aberdare. Mwezi uliofuata akapelekwa mahakamani mjini Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Wengi hudhani alishtakiwa kwa mauaji au kwa kuongoza vita. La hasha. Alishtakiwa kwa kupatikana na rivolva moja aina ya Webley Scott na risasi sita. Kwa sheria za Hali ya Hatari hilo pekee lilitosha kumnyonga mtu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Wala hakuwa peke yake. Wakati wa Hali ya Hatari Waingereza waliwanyonga watu 1,090 kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa mauaji. Kuna kesi moja ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo, ya Kuruma mwana wa Kaniu. Huyo hakupatikana hata na bunduki, zilikuwa risasi mbili tu. Rufaa yake ilifika hadi London na ikatupwa.

Sasa turudi kwenye teknolojia. Enzi hizo swali la mjomba na binamu lisingeulizwa kabisa, kwa sababu bastola zenye fremu ya plastiki hazikuwepo. Webley ilichongwa Birmingham kwa chuma kigumu. Wapiganaji wa msituni wasio na Webley walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji na vipande vya mbao. Ukitaka kuwatafuta mababu wa jua kali, anzia hapo. Tatizo ni kwamba bomba la maji halikutengenezwa kustahimili mlipuko wa baruti, na bunduki hizo mara nyingine zilimwumiza anayefyatua kuliko anayelengwa.

Plastiki iliingia lini? Wengi watakujibu Glock, lakini wa kwanza walikuwa Wajerumani wa Heckler & Koch, waliotoa bastola yao ya VP70 mwaka 1970. Haikupendwa sana, kifyatuo chake kilikuwa kizito mno. Miaka 12 baadaye akatokea Gaston Glock wa Austria. Hakuwa fundi wa bunduki! Kiwanda chake kilikuwa kinatengeneza vitu kama visu vya jeshi na fito za mapazia. Jeshi la Austria lilipotaka bastola mpya, akaingia kwenye shindano, na mwaka 1982 Glock 17 ikachaguliwa. Sisi wa programu tunaijua hadithi hii: mgeni asiyejua kwamba jambo fulani haliwezekani ndiye anayelifanya.

Glock ilipofika Marekani katikati ya miaka ya 1980 watu wakaingiwa na hofu kwamba hii ni bastola ya plastiki ambayo mashine za uwanja wa ndege hazitaiona. Mwaka 1988 hata sheria ikapitishwa dhidi ya silaha zisizoonekana kwenye mashine. Ukweli ni kwamba Glock huonekana vizuri kabisa. Plastiki ni fremu tu, yaani sehemu ya chini unayoshika. Mtutu na sehemu ya juu inayorudi nyuma ni chuma kitupu, na hata ndani ya fremu kuna vipande vya chuma.

Kwa nini basi plastiki ikashinda sokoni? Kwanza ni uzito. Glock 17 tupu ina kama gramu 630, na CZ 75 ya chuma inakaribia kilo moja. Tofauti hiyo ni kama simu mbili za mkononi, ubebe kiunoni kutwa nzima. Pili, fremu ya plastiki inatoka kwenye kalibu kwa haraka na kwa gharama ndogo. Tatu, haipati kutu, na anayejua ukungu wa Nyeri mwezi Julai ataelewa. Mwaka 2017 hata jeshi la Marekani liliacha Beretta yenye fremu ya alumini likachukua SIG ya plastiki.

Lakini mjomba naye hajakosea. Uzito wa chuma humeza lile teke la risasi, mkono hautikisiki sana, na risasi ya pili inafuata ya kwanza kwa urahisi. Ndiyo maana washindani wengi wa kulenga shabaha bado wanapenda chuma, kama CZ Shadow 2. Hata ile "Ceska" ambayo magazeti yetu huitaja kila mara ni jina la kiwanda hichohicho, na maana yake ni "ya Kicheki" tu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: anayebeba kila siku achukue plastiki, anayekwenda uwanja wa shabaha achukue chuma.

Ila kuna jambo ambalo wote wawili hawakulitaja. Hapa Kenya hununui bastola kama unavyonunua simu. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, katikati ya vita vile vile. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni wakaguliwe upya ndani ya siku 90, na mjomba akapanga foleni kama wengine. Hakuna aliyemwuliza kama yake ni ya chuma au ya plastiki. Walitaka karatasi. Kimathi naye hakuulizwa.

Siku ile ya ubishi cucu alikuwa ameketi pembeni akimenya viazi. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa msichana mdogo. Hakuchangia lolote kuhusu chuma wala plastiki. Alituambia tu tuongee polepole, dirisha liko wazi.

Ni miaka mingi tangu 1956. Tulicheka kidogo, kisha mjomba akainuka akalifunga.